Kwa nini dhahabu iliyomo kwenye kipimo cha malaria ni nyekundu?

MwalimuGeita:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari mkoani Geita, na swali ninalolileta hapa ni la mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Tulikuwa tukizungumzia mwanga na rangi, nami nikataja kama mfano wa kupita tu kwamba ule mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria hautokani na wino wala na damu ya mgonjwa, bali na chembe ndogo mno za dhahabu. Darasa zima halikukubali. Huku kwetu dhahabu si habari ya vitabuni: watoto wengi wana baba, mjomba au kaka machimboni, na wameiona ikiwekwa kwenye mizani. Kijana mmoja akasimama akaniambia kwa heshima, "Mwalimu, mimi dhahabu nimeishika. Ikiwa kipande ni ya njano, na ikiwa vumbi bado ni ya njano. Inakuwaje nyekundu?"

Nilimjibu kwamba chembe hizo ni ndogo kuliko vumbi lolote alilowahi kuliona, lakini nilipofika nyumbani nilitambua kwamba sikuwa nimemjibu. Mkaa ukisagwa hubaki mweusi, na kutu ikisagwa hubaki na rangi yake ya kahawia. Tena kila mwaka ninafundisha kwamba rangi na kiwango cha kuyeyuka ni tabia za dutu yenyewe, zisizotegemea kama unacho kilo moja au gramu moja. Ikiwa dhahabu inaweza kubadilika rangi kwa kugawanywa tu, bila kuchanganywa na kitu kingine, basi fundisho langu lina upungufu, na ningependa kulirekebisha mbele ya darasa lile lile. Kwa hiyo naomba mnieleze: je, ile ni dhahabu kweli, na kama ndivyo, ni nini hasa kinachotokea ndani ya chembe hizo hata mwanga uzione tofauti?

---

MaabaraTanga:

Mwalimu, mimi kazi yangu ni maabara ya hospitali, kwa hiyo nitajibu upande wa kipimo na kuwaachia wenzangu fizikia.

Ulichowaambia wanafunzi ni kweli. Ndani ya kile kikasha cha plastiki kuna ukanda wa nitroselulosi, na karibu na tundu la kudondoshea damu kuna kipande kidogo cha kitambaa cha nyuzi ambamo zimekaushwa chembe za dhahabu, kwa kawaida zenye kipenyo cha nanomita 20 hadi 40. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kila chembe imevishwa kingamwili, yaani protini zinazotambua na kukamata kitu kimoja mahususi. Katika vipimo vingi vinavyotumika kwetu, kitu hicho ni protini iitwayo HRP2, inayotolewa na vimelea vya Plasmodium falciparum.

Unapoweka mikrolita 5 za damu kutoka kidoleni na kuongeza matone ya kile kimiminika cha kwenye kichupa, maji hayo huloanisha dhahabu na kuibeba kando ya ukanda, kama chai inavyopanda kwenye mkate uliochovywa. Ikiwa damu ina HRP2, chembe za dhahabu huibeba njiani. Kwenye mstari wa T, yaani mstari wa jibu, zimewekwa kingamwili nyingine zinazoishika HRP2 hiyo hiyo kwa upande wake mwingine, kwa hiyo dhahabu hunaswa hapo na kujazana mpaka jicho likaona mstari. Ikiwa hakuna HRP2, dhahabu hupita pale bila kushikwa na kufika kwenye mstari wa C, yaani mstari wa kuhakiki kwamba kipimo kimefanya kazi, ambako kuna kingamwili zinazokamata zile kingamwili zilizoivisha dhahabu yenyewe. Ndiyo maana mstari wa C lazima utokee. Usipotokea, maana yake dhahabu haikusafiri na kipimo hicho hakifai kusomwa.

Naomba uwaambie wanafunzi jambo moja zaidi, kwa kuwa nimeliona likisababisha makosa: mstari wa T ukiwa hafifu bado ni jibu la kuwapo kwa malaria, kwa sababu uhafifu wake unaonyesha tu kwamba dhahabu iliyonaswa ni chache. Na kinyume chake, HRP2 inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo mstari huo hautufai kumjua aliyemaliza dawa kama amepona.

Kuhusu wingi wa dhahabu, katika kipimo kimoja ni mikrogramu chache tu. Kwamba kiasi hicho kidogo kinaonekana kwa macho matupu, bila darubini wala umeme, ndilo jambo linalonistaajabisha hadi leo kila ninapokifungua kipimo kipya.

---

MhandisiMombasa:

Swali zuri sana, Mwalimu. Nadhani jibu ni lile lile la nukta za kwantamu zinazotumika kwenye skrini za baadhi ya televisheni. Hizo ni fuwele ndogo za nusukipitishi (dutu inayopitisha umeme kwa kiasi tu), kwa mfano muungano wa seleniamu na kadimiamu, na rangi yake hutegemea ukubwa wake: yenye upana wa nanomita 2 hivi hutoa mwanga wa samawati, na yenye nanomita 6 hivi hutoa mwekundu, ingawa kemia yake haijabadilika hata kidogo. Sababu ni kwamba elektroni iliyobanwa katika nafasi ndogo hulazimika kuwa na nishati kubwa zaidi, na kadiri nafasi inavyokuwa finyu ndivyo pengo la nishati linavyopanuka. Alexei Ekimov aliliona jambo hili kwenye vioo vya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Louis Brus akaliona kwenye chembe zilizo ndani ya kimiminika, na mwaka 1993 Moungi Bawendi akapata njia ya kutengeneza fuwele hizo kwa ukubwa unaolingana. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2023. Dhahabu nayo, ikifanywa ndogo kiasi hicho, elektroni zake hubanwa na rangi hubadilika.

---

FizikiaYabisi:

Mhandisi, maelezo yako kuhusu nukta za kwantamu ni sahihi, lakini kwa heshima zote, dhahabu ya kwenye kipimo cha malaria haibadiliki rangi kwa sababu hiyo, na tofauti hii ni muhimu kwa Mwalimu kwa kuwa akiifundisha kimakosa itamsumbua baadaye. Ushahidi ni huu: fuwele ya seleniamu na kadimiamu ikiongezwa kutoka nanomita 2 hadi 6 hupita karibu rangi zote za upinde wa mvua, ilhali chembe ya dhahabu ikiongezwa maradufu kutoka nanomita 20 hadi 40, rangi inayoifyonza zaidi husogea kutoka urefu wa wimbi wa nanomita 520 hivi hadi 530 hivi tu. Jicho halitambui tofauti. Chembe ya dhahabu ya nanomita 20 ina atomi kama 250,000, na kwa elektroni zake nafasi hiyo bado ni pana. Zaidi ya hayo, nukta ya kwantamu hutoa mwanga wake, lakini dhahabu huondoa sehemu ya mwanga unaopita, na sisi tunaona kilichobaki.

Mfikirie mtu aliyebeba kichwani ndoo ya maji isiyo na kifuniko. Maji yale yana mwendo wake wa kwenda na kurudi, unaotokana na ndoo yenyewe. Hatua za mbebaji zikilingana na mwendo huo, maji huruka nje hata kama anatembea taratibu. Zisipolingana nao, ziwe za haraka au za polepole, maji hutikisika kidogo tu. Wanaochota maji mbali wanalijua jambo hili vizuri, na ndiyo maana huweka majani juu ya ndoo ili kuuvunja mwendo huo.

Sasa, katika dhahabu kuna elektroni zisizofungwa na atomi yoyote, zinazotembea kote ndani ya metali. Hizo ndizo maji yetu. Mwanga ni mawimbi ya umeme na sumaku, na unapoifikia chembe huzisukuma elektroni zote upande mmoja. Chaji chanya zilizobaki nyuma huzivuta zirudi, nazo hupitiliza upande wa pili, zikavutwa tena. Kwa kuwa chembe ina nanomita 20 na wimbi la mwanga wa kijani lina nanomita 520, wimbi ni pana kuliko chembe mara 26, kwa hiyo elektroni zote za chembe hiyo husukumwa kwa pamoja, kwa mwelekeo mmoja, kwa wakati mmoja. Mwendo wa asili wa elektroni hizo ndani ya ndoo yao ya dhahabu ni takriban mara trilioni 580 kwa sekunde, na hiyo ndiyo kasi ya mtikisiko wa mwanga wa kijani. Hapo mwanga wa kijani unanaswa na nishati yake kugeuka joto. Sehemu kubwa ya samawati nayo hufyonzwa, kwa sababu nyingine nitakayoitaja hapa chini. Kinachobaki kupita ni wekundu.

Katika kipande kikubwa anachokijua kijana wako, ndoo haina kuta za karibu. Elektroni za juu ya uso huujibu mwanga kwa kuurudisha, na ndiyo maana metali hung'aa. Dhahabu ina upekee mmoja: elektroni zake za tabaka la chini hufyonza mwanga wa samawati, kwa hiyo mwanga unaorudishwa umepungukiwa samawati na tunauona wa njano. Metali nyingi hazifanyi hivyo ndani ya mwanga tunaouona. Dhahabu inafanya kwa sababu kiini cha atomi yake kina protoni 79, na mvuto wake ni mkubwa kiasi kwamba elektroni za ndani kabisa huenda kwa kasi inayozidi nusu ya kasi ya mwanga. Nadharia ya Einstein ya uhusianifu hubadilisha nishati zake, na athari hiyo hufika hadi kwenye elektroni za nje. Kwa maneno mengine, hata ule unjano wa kawaida ambao kijana anauona hauhitaji maelezo ni jambo la ajabu kuliko wekundu wa kwenye kipimo.

Maarifa haya yana umri mrefu. Mwaka 1857 Michael Faraday alieleza mbele ya Royal Society mjini London jinsi alivyotengeneza kimiminika chekundu kwa kuchanganya chumvi ya dhahabu na fosforasi, naye akashikilia kwamba wekundu ule ni dhahabu tupu iliyogawanyika mno. Aliona pia kwamba ukitia chumvi ya kawaida, wekundu hugeuka samawati. Mwaka 1908 Gustav Mie, Mjerumani, alikokotoa kwa milinganyo ya mawimbi ya umeme na sumaku namna tufe dogo linavyofyonza na kutawanya mwanga, na hesabu yake inaieleza rangi ya dhahabu hii bila kuhitaji kuzibana elektroni kwa kwantamu. Waroma nao walitengeneza katika karne ya 4 kikombe cha kioo kilichomo sasa katika British Museum, ambacho ni cha kijani ukikitazama kwa nje na chekundu ukiweka taa ndani yake, kwa sababu ya chembe za dhahabu na fedha ndani ya kioo. Bila shaka hawakujua kilichokuwa kikitendeka humo.

Kinachobadilisha rangi ya dhahabu kwa nguvu ni umbo. Chembe ikirefushwa kama kijiti, elektroni zina njia ndefu ya kwenda na kurudi, mwendo wake hupungua, na mwanga unaofyonzwa husogea hadi kwenye infraredi, yaani mwanga usioonekana ulio ng'ambo ya wekundu, ambako mwanga hupenya nyama ya mwili vizuri kuliko mwanga wa kijani. Ndiyo sababu vijiti vya dhahabu vinachunguzwa kwa ajili ya kuunguza uvimbe wa saratani kutoka ndani: mwanga huingia, vijiti hupata joto, na nyama ya pembeni hupata athari ndogo.

Sasa nirudi kwenye fundisho lako, Mwalimu. Usilifute, ila liwekee mpaka. Tabia za dutu hazitegemei kiasi chake maadamu atomi nyingi ziko ndani na chache ziko kwenye uso. Ukiwa na mchemraba wa sentimita 1, eneo la nyuso zake zote ni sentimita 6 za mraba. Ukiukata wote kuwa michemraba ya nanomita 1, eneo linakuwa mita 6,000 za mraba, linalokaribia uwanja wa mpira, na dhahabu ni ile ile. Tufe la nanomita 2 lina atomi kama 250 tu, na zaidi ya nusu ziko kwenye uso, zikiwa na majirani pungufu wa kuzishika. Kwa hiyo chembe za nanomita 2 au 3 huyeyuka mamia ya digrii chini ya zile 1,064 za selsiasi unazozifundisha. Na dhahabu, metali tunayoisifu kwa kutoshika kutu, katika ukubwa wa chini ya nanomita 5 juu ya oksidi zinazofaa huwezesha kaboni monoksidi kuungana na oksijeni hata chini ya nyuzi sifuri. Masatake Haruta wa Japani ndiye aliyelionyesha hilo katika miaka ya 1980. Hapo chini kabisa, karibu na nanomita 2, hata ule mwendo wa ndoo hutoweka, wekundu hupotea, na kwantamu ya Mhandisi inachukua usukani.

---

MhandisiMombasa:

Nimekubali, na ninakushukuru. Nilichukua sababu ya kitu kimoja nikaivisha kingine kwa kuwa vyote viwili vinaitwa nano.

---

MwalimuGeita:

Nimeyasoma mara tatu, na mfano wa ndoo nitautumia kesho kutwa. Lakini kuna kitu kimoja kimenikwama. FizikiaYabisi anasema Faraday alitia chumvi na wekundu ukageuka samawati. Damu ina chumvi. Tunafundisha gramu 9 hivi kwa lita. Mbona basi mstari wa kipimo unabaki mwekundu? Na la pili, sina chumvi ya dhahabu wala fedha ya kuinunulia. Je, kuna kitu ninachoweza kuwaonyesha wanafunzi kwa macho yao?

---

MaabaraTanga:

La kwanza nitalijibu mimi. Chembe tupu za dhahabu ndani ya maji huwa na chaji hasi juu ya uso wake, na chaji hizo huzifanya zisukumane zisigusane. Chumvi ikiingia, ayoni zake, yaani chembe zake zenye chaji, huzifunika chaji hizo, msukumano hudhoofika, chembe hushikana makundi kwa makundi. Elektroni za chembe zilizokaribiana huanza kuvutana katika mwendo wao, kama ndoo zilizounganishwa, na rangi husogea kuelekea samawati. Dhahabu ya kwenye kipimo imevaa kingamwili, na juu yake kiwanda huongeza protini nyingine ya kuziba mapengo, kwa hiyo hata chumvi ikiwapo chembe hazifikiani. Waundaji wa vipimo hutumia jambo hilo hilo kama jaribio: hutia chumvi nyingi kwenye dhahabu waliyoivisha, na ikibadilika kuwa samawati wanajua kingamwili hazikutosha. Hata kwenye mstari, ambako chembe zimejazana, protini hizo bado zinazitenganisha. Ukiutazama mstari mzito sana kwa makini utaona unaelekea zambarau kidogo.

---

FizikiaYabisi:

Kwa la pili, omba kwenye zahanati ya karibu vipimo vilivyopita muda wake ambavyo havijatumika. Usichukue kilichokwisha kuwekewa damu, na usimchome mwanafunzi kidole. Fungua kikasha kimoja ili waione ile sehemu yenye dhahabu ikiwa kavu. Itaonekana ya zambarau au nyekundu iliyoiva. Kingine kiweke bila kukifungua, udondoshe kile kimiminika peke yake mahali pake, na kwa kawaida mtauona wekundu ukitembea chini ya dirisha na mstari wa C ukijichora wenyewe. Waambie waitafute chembe moja kwa darubini ya shule. Hawataiona, kwa sababu darubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana kwa chini ya nanomita 200 hivi, na hilo ni somo jingine zima la mawimbi.

Kisha chukua glasi ya maji, tia matone machache ya maziwa yaliyotolewa mafuta, na uimulike kwa tochi ya simu kwenye chumba chenye giza. Kwa pembeni maji yataelekea samawati, na mwanga uliopenya hadi ng'ambo utaelekea rangi ya chungwa. Waeleze wazi kwamba hapa hakuna elektroni huru na hakuna ndoo: ni mafundo ya protini ya maziwa, mengi yakiwa na upana wa nanomita 100 hadi 200, yanayotawanya mawimbi mafupi kuliko marefu. Maziwa ni meupe, maji hayana rangi, na bado rangi mbili zimetokea kwa sababu ya ukubwa. Kijana wa mchimbaji akishakiona hicho kwa macho yake, mpe kile kikasha kilichofunguliwa akishike mwenyewe.